Upinde na Ahali: Mchezo wa Sunna kwa Vijana wa Nyanda za Juu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapendwa, yatupasa tujiulize swali moja lililo karibu nasi kuliko mengi tunayoyajadili misikitini na barazani. Jioni ya Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, watoto wetu wako wapi, na sisi wazazi wao tuko wapi? Katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya jawabu ni hili: baba yuko barazani na wenzake, mama yuko jikoni, na kijana yuko chumbani ameinamia simu. Nyumba ni moja, lakini safari ni tatu. Chakula cha usiku huwakutanisha kwa nusu saa, kisha kila mmoja huirudia njia yake. Nje ya dirisha mtu wa Mbeya ana mlima Loleza, na mtu wa Iringa ana jiwe la Gangilonga. Na kijana aliyezaliwa chini yake huenda hajapata kupanda hata mara moja.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu vijana. Kijana hujifunza kukaa ndani kwa wale waliomtangulia kukaa ndani. Twaandika ili kukumbusha mchezo mmoja unaowatoa nje baba, mama na watoto kwa pamoja, usiohitaji mali nyingi, na ambao Mtume wetu (S.A.W.) aliupenda na akauhimiza. Mchezo huo ni kupiga upinde.

Kabla ya kueleza yaliyopokewa juu yake na taratibu za kuuanzisha, mwandishi anaomba ruhusa asimulie jambo lililomfika utotoni, maana ndilo lililomfunza kwamba upinde ni mwalimu kabla ya kuwa silaha.

HUA WA RUAHA MDOGO

Nililelewa na babu yangu katika kijiji kisicho mbali na Kalenga, ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo. Nilipotimiza miaka 10 babu alinichongea upinde mdogo na mishale sita ya mwanzi. Siku ya tatu nikamfuma hua aliyekuwa amelala juu ya kiota chake. Nikakimbia mpaka nyumbani nimemshika miguu, furaha imenijaa kifuani.

"Shikamoo, babu. Tazama, nimemfuma!"

"Marahaba. Umemchinja?"

"La, babu. Alikwisha kufa."

"Ulikuwa na njaa?"

"La, babu."

"Basi ulimtakia nini?"

Sikuwa na jawabu. Babu hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinikalisha mkekani akanisimulia habari ya Abdallah bin Umar (R.A.), ambayo Bukhari na Muslim wameipokea: jinsi alivyowapitia vijana wa Kikureshi waliomweka ndege wakimfanya shabaha ya mishale yao, na walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mtu anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Kisha babu akautwaa upinde wangu, akautundika ukutani, akasema, "Nitakurudishia siku utakapojua kuvuta bila ya kuachia."

Kwa mwezi mzima, kila siku baada ya Alasiri, babu aliuteremsha upinde ule. Niliweka mshale, nikavuta mpaka upote ukagusa shavu langu, naye akahesabu polepole mpaka kumi. Kisha ilinipasa kuurudisha upote taratibu, mshale ukiwa bado mkononi. Mkono ulitetemeka na machozi yalinitoka. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwuliza, "Babu, upinde huu una faida gani ikiwa mshale hautoki?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, nguvu za kuachia kila mtu anazo. Mimi nakufundisha nguvu za kuzuia."

Alinirudishia upinde mwezi ulipokwisha. Hazikupita siku nyingi, nikawa kando ya kichaka cha mianzi karibu na mto, nikasikia majani yakitikisika. Nikadhani ni kanga. Nikasahau maneno yote niliyoambiwa, nikavuta. Lakini mkono wangu ulikuwa umezoea hesabu ya babu, ukangoja. Moja, mbili, tatu. Na kwenye nne akatokea mama mmoja wa kijijini, mzigo wa kuni kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Nikaurudisha upote taratibu, kama nilivyofundishwa. Mama yule akanisalimu, "Kamwene, mwanangu," akapita zake. Hakujua lolote.

Nilipomweleza babu, hakusema neno. Alielekea kibla akasujudu palepale uani sijida ya shukrani, na alipoinuka paji lake la uso lilikuwa na vumbi. Tangu siku ile sijapiga mshale pasipo kujua kilicho nyuma ya shabaha.

YALIYOPOKEWA KUTOKA KWA MTUME (S.A.W.)

Huenda msomaji akasema: upinde ni chombo cha vita vya kale, na leo watu wana bunduki na mizinga, basi faida yake ni nini kwetu? Jawabu ni kuwa Mtume (S.A.W.) hakuutaja upinde katika mambo ya vita peke yake. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi amefahamisha kwamba michezo ya mtu ni upuuzi isipokuwa mitatu: kumfunza farasi wake, kucheza na ahali yake, na kutupa mishale kwa upinde wake. Tazama, ndugu msomaji, jinsi upinde na ahali vilivyowekwa pamoja katika neno moja. Mtu anayewachukua mke na watoto wake kwenda kupiga upinde amekusanya mawili kati ya matatu hayo katika jioni moja.

Kadhalika Imam Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa juu ya mimbari, aliisoma aya ya 60 ya Suratul Anfal inayowaamrisha waumini kuandaa nguvu kadiri wawezavyo, kisha akakariri mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kutupa mishale. Na Uqba huyo huyo alionekana uzeeni mwake akienda na kurudi baina ya shabaha mbili. Mtu mmoja akastaajabu kuona mzee akijitaabisha hivyo, naye akaeleza kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) asingejitaabisha, nalo ni onyo kwa mwenye kujifunza kupiga mishale kisha akaacha. Basi mchezo huu haukuwa wa vijana peke yao. Mzee alisimama uwanjani, na kijana akamwona.

Wala haukuwa wa wanaume peke yao. Katika siku ya Uhud, pale watu walipotawanyika, Nusaiba binti Kaab, ajulikanaye kwa jina la Ummu Umara (R.A.), alisimama mbele ya Mtume (S.A.W.) akimkinga kwa upanga na upinde mpaka akajeruhiwa. Asemaye kwamba binti wa Kiislamu hana nafasi katika mazoezi ya nguvu na ushujaa na ajiulize, kisa cha mama huyu amekiweka wapi?

MLIMA WA WAPIGA MISHALE

Tumeitaja Uhud, na katika vita hivyo mna fundisho ambalo kila baba apasa kuwasimulia wanawe siku ya kwanza anapowapa upinde.

Ilikuwa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625 wa Miladi. Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, akamfanya Abdallah bin Jubair (R.A.) kuwa kiongozi wao, na akawaamrisha wasiondoke mahali pao hata wakiona jeshi limeshinda au limeshindwa, mpaka yeye mwenyewe awapelekee mjumbe. Mwanzo wa vita Waislamu walishinda. Wale walio juu ya kilima wakawaona wenzao wakikusanya mateka, na nafsi zao zikawavuta. Abdallah akawakumbusha amri waliyopewa, lakini wengi wakateremka. Wakabaki watu wachache pamoja na kiongozi wao. Khalid bin Walid, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajasilimu, akauona mwanya huo, akazunguka na wapanda farasi wake kwa nyuma. Abdallah na wale waliobaki wakauawa mahali pao. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi, naye Hamza, ami yake Mtume, akiwa miongoni mwao. Mtume mwenyewe (S.A.W.) akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Suratu Aali Imran, katika aya ya 152, yaeleza jinsi ushindi ulivyogeuka.

Wapiga mishale wale hawakukosa shabaha wala mishale haikuwaishia. Walichokosa ni kungoja. Walikuwa na nguvu za kuachia. Wengi wao wakapungukiwa na nguvu za kuzuia. Na babu yangu, ambaye hakuwa mwanachuoni wala hakusoma vitabu vingi, alikifahamu kisa hiki kuliko wengi waliosoma.

Sasa na tuwatazame vijana wetu. Kila kitu kinachowazunguka chawaambia waachie upesi: neno la hasira lipelekwe kwa simu kabla hasira haijapoa, na fedha za karo zitiwe katika kamari ya mipira usiku mmoja. Ni nani anayewafundisha kuvuta, kushika, kuhesabu kumi, na kurudisha? Mawaidha ya mdomo yana kazi yake, lakini mkono nao una masomo yake, na mengine huingia kwa mkono kabla ya kuingia kwa sikio.

NCHI YETU NI UWANJA

Mwenyezi Mungu katika Suratul Ghashiya anawaita watu watazame ngamia walivyoumbwa, na mbingu ilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Sisi wa Nyanda za Juu ngamia hatuna, lakini milima na ardhi tumepewa tele. Mji wa Iringa umekaa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mbeya juu ya mita 1,600. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Kitulo, ambayo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, huvaa maua wakati wa masika hata wenyeji wakaiita Bustani ya Mungu. Mvua zetu huanza kiasi cha Novemba na hukoma kiasi cha Aprili au Mei. Kwa hiyo miezi ya Juni mpaka Oktoba ardhi huwa kavu na mbingu huwa safi, ingawa baridi ya Juni na Julai yataka koti asubuhi.

Basi upinde na uwe sababu ya safari. Jamaa za Iringa waweza kupiga shabaha asubuhi katika uwanja wao, kisha wakaviacha vyombo nyumbani na kwenda Isimila, mwendo wa kilomita kama 20 kwa njia ya Mbeya. Huko zimesimama nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na huko yalitambuliwa mwaka 1951 mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana kwa ajili ya kukatia na kuchinjia. Mtoto aliyejaribu yeye mwenyewe kunyoosha mshale wa mwanzi ataliangalia jiwe la Isimila kwa jicho jingine, maana atajua ugumu wa kazi ya mkono. Jamaa za Mbeya nao wana Loleza juu ya mji wao, na ziwa la Ngozi lililomo ndani ya kreta huko Uporoto, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira.

Na safari hizi zina ilimu ya dini ndani yake. Mshale mmoja ukisimamishwa wima ardhini huwa saa. Kivuli chake kinapofikia ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka, Adhuhuri imeingia. Kinapozidi kwa urefu wa mshale wenyewe, juu ya kile kivuli kilichokuwapo mchana, Alasiri imeingia kwa kauli ya madhehebu ya Shafii. Tena mtoto apimaye hivyo ataona ajabu: mwezi wa Juni jua la mchana kwetu huwa upande wa kaskazini na kivuli huanguka kusini, na mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Na kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu, ikipinda kidogo kuelekea mashariki, mchana wa Juni mtu wa Iringa au Mbeya akilielekea jua amekaribia kuelekea kibla. Mambo haya mzee wa zamani aliyajua bila ya simu. Je, kijana wetu ayajua?

Tena imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini alikuwa akisimamishiwa mkuki mfupi mbele yake awe na sutra katika sala. Kijana atakayesali Alasiri juu ya majani, mshale wake umesimama mbele yake badala ya ukuta wa msikiti, hatausahau mchana huo.

NAMNA YA KUANZA

Si lazima kungoja mfadhili wala jengo. Nyumba tatu au nne zilizo jirani zatosha kuwa jamaa ya wapiga upinde. Na wamchague mtu mmoja mtulivu awe msimamizi, na siku ya mchezo amri yake ifuatwe na kila mtu, hata na baba aliyemzidi umri.

Uwanja uwe mahali palipo wazi, mbali na njia za watu na mifugo, na nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo au kilima cha kuzuia mishale iliyokosa. Mwenye ardhi aombwe ruhusa, na serikali ya mtaa au ya kijiji ipewe habari, ili watu wasidhani kuwa ni genge la wawindaji haramu. Shabaha yenyewe ni gunia lililoshindiliwa majani makavu, na karatasi yenye duara imebandikwa juu yake. Kwa wanaoanza, hatua kumi zatosha. Mtoto asipewe upinde mgumu kwa fahari ya baba yake. Upinde auvutao kwa taabu humharibia mkono na kumfundisha vibaya. Ule anaoweza kuuvuta na kuushika kwa hesabu ya kumi pasipo kutetemeka ndio upinde wake.

Vyombo vyaweza kununuliwa, na vyaweza kutengenezwa. Mti mgumu upindikao, kamba imara ya kuwa upote, mianzi myembamba iliyokauka barabara, na manyoya matatu ya kuku nyuma ya kila mshale kuutuliza uendapo. Mwanzi katika nchi ya Iringa hugemwa ulanzi, na wengi umewalaza njiani. Ni uzuri ulioje mwanzi huohuo ukimfanya kijana asimame wima!

Ama kanuni za usalama, ni hizi, nazo zisivunjwe:

Wote wasimame katika mstari mmoja, na wapige kuelekea upande mmoja tu. Hapana mtu kuvuka mstari mpaka msimamizi aone pinde zote zimewekwa chini na atoe idhini. Upinde usielekezwe kwa mtu, hata mzaha, hata usipokuwa na mshale. Mshale usipigwe juu angani, kwani hapana ajuaye utaangukia wapi. Upote usivutwe na kuachiwa pasipo mshale, kwa sababu upinde huweza kuvunjika mkononi. Mkono unaoshika upinde ufungwe kipande cha ngozi, na ushungi wa binti ufungwe vizuri usije ukanaswa na upote. Na mishale ichukuliwe ncha zikiwa zimeshikwa kiganjani au zimo podoni; jambo hili Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliliamrisha kwa yule apitaye na mishale msikitini au sokoni, ili asimjeruhi Muislamu.

Kanuni ya mwisho ni ile ya Ibn Umar: kitu chenye roho si shabaha. Uwindaji wa chakula una sharti zake katika dini yetu, na una sheria yake katika nchi yetu, kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo kibali. Lakini mchezo wa jamaa hauhitaji damu. Mtoto anayewalenga shomoro kwa manati aambiwe kuwa gunia halilii, wala haliachi makinda kiotoni. Na upinde usichukuliwe kamwe kuingia nao katika hifadhi.

SHINDANO PASIPO KAMARI WALA UADUI

Vijana hupenda kushindana, na kushindana si vibaya. Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin Akwa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, akawaita wana wa Ismail na kuwakumbusha kuwa baba yao huyo alikuwa mpiga mishale, kisha akasema kuwa yeye yuko upande wa kundi moja. Kundi la pili likaacha kupiga. Alipowauliza sababu, wakajibu kuwa hawawezi kupiga ilhali yeye yuko pamoja na wapinzani wao. Ndipo akawaambia wapige, kwani yeye yuko pamoja nao wote.

Naam, wazazi, hii ndiyo siasa ya uwanja wa jamaa. Baba asiwe upande wa mwana mmoja hata mwingine akaweka upinde chini. Aliyefuma na aliyekosa wote waone kuwa mzee yuko pamoja nao.

Ama zawadi, Mtume (S.A.W.) ameiruhusu katika mishale, lakini wanavyuoni wameweka mipaka ili isiwe kamari. Lililo salama ni zawadi kutolewa na mtu asiyeshindana: kitabu, kofia, au fundo la mishale mipya. Washindani wasichangiane fedha ili mmoja wao azichukue zote. Kijana aliyezoea kutazama mpira kwa jicho la kamari na ajifunze hapa utamu wa kushinda pasipo kumnyang'anya mwenziwe.

TUSIDHANI TUKO PEKE YETU

Msomaji asidhani kuwa mchezo huu ni wa kigeni, wala kuwa umekufa. Katika nchi yetu wenyewe, michoro ya miambani huko Kondoa, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika urithi wa dunia, yaonyesha watu na pinde zao. Na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wangali wakizitumia. Huko Istanbul, Sultani Muhammad al-Fatih alipouteka mji mwaka 1453, wapiga mishale walitengewa uwanja uitwao Okmeydanı, yaani uwanja wa mishale; na mwaka 2019 upigaji upinde wa Kituruki uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika Michezo ya Olimpiki upinde ulirudishwa mwaka 1972 huko Munich, na leo washindani hupiga kutoka mita 70, shabaha ikiwa na upana wa sentimita 122. Na jirani zetu wa Kenya, katika michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, walimpa bendera ya taifa lao aibebe mbele ya dunia nzima binti mpiga upinde, Shehzana Anwar. Basi lililowezekana Nairobi lashindikanaje Iringa na Mbeya?

Lakini hata asipatikane kwetu bingwa hata mmoja, faida itakuwa imekwisha kupatikana. Sisi hatutafuti medali kwanza. Twatafuta jioni ambayo baba anasimama nyuma ya mwanawe, anamnyosha kiwiko, anamwambia "shika, bado, bado". Na mama anahesabu mishale ya binti yake. Na nyumba iliyokuwa na safari tatu inakuwa na safari moja.

Mshale ukisha toka haurudi. Neno likisha toka halirudi. Na utoto wa watoto wetu nao ukisha pita haurudi. Upo muda mfupi tu ambao mkono wetu u pamoja na mkono wao juu ya upote. Tukiuacha upite, watavuta peke yao na kuachia peke yao, wala hatutajua ni nani aliyekuwa nyuma ya kichaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie wazazi wenye subira na watoto wenye utii, aitie nguvu mikono yetu katika kheri na aizuie na shari, na azijaalie nyumba zetu kuwa na mapenzi na rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.